Saa inayotosheka na mkono mmoja



Wengi wenu mnajua kwamba tangu ajali ya pikipiki mkono wangu wa kuume haufanyi kazi. Napika, nafua, nauza sokoni, yote kwa mkono wa kushoto. Lakini simu ikilia nikiwa nakanda unga wa mandazi, lazima nimwite mtoto apokee. Hata maneno yangu ya siri yalipitia kwanza kwake.

Mwaka jana mdogo wangu anayekaa Ubelgiji alikuja na Apple Watch, akanifunga kwenye mkono huu mzima. Nilicheka kwa uchungu: “Sasa nani ataigusa?”

“Yaya, ngoja kwanza.”

Akaingia kwenye mipangilio, akawasha kinachoitwa AssistiveTouch. Akanifundisha: ukigusanisha kidole gumba na cha shahada mara moja, saa inasogea mbele, mara mbili, inarudi nyuma, ukikunja ngumi, inachagua. Ndani yake mna vipimo vinavyohisi mkono unavyotikisika na damu inavyopita, ndiyo maana inatambua vidole bila kioo kuguswa.

Siku za kwanza nilichoka. Nikikunja ngumi kwa ulegevu, haikuona. Nikikamua nguo, ilidhani naiita. Na inataka umeme karibu kila siku, na umeme wetu mnaujua. Lakini leo, hata vidole vikiwa na unga, napokea simu mwenyewe. Mtoto anaendelea kucheza nje.

Njia hii ililetwa mwaka 2021 kwa ajili ya watu kama mimi. Mwaka 2023 Apple ikaweka nyingine kwa kila mtu kwenye saa zake mpya: gonganisha vidole hivyo mara mbili, simu inapokelewa. Inamfaa mama yeyote ambaye mkono mmoja umebeba mtoto. Aliyefikiriwa kwanza ni mlemavu. Waliofaidika ni wengi.

Ndiyo maana nina ombi. Kwenye nyumba yetu ya mikutano tunanawa kwa kumimina maji na kopo. Mimi husubiri mtu wa kunimiminia, na mwenye mtoto mkononi husubiri pia. Tufunge bidoni lenye kamba ya kukanyaga kwa mguu, maji yamwagike yenyewe.

Mkutano ujao nitaleta bidoni. Nani ataleta kamba?