Maporomoko ya Sanje
Atakaye kuyaona maporomoko ya Sanje, katika milima ya Udzungwa, ajifunge kibwebwe: njia si ndefu, lakini yapanda wima msituni. Huko maji huanguka kwa ngazi tatu, jumla mita 170 hivi. Na ukitazama chini waona mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero.

Msitu huo ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992. Akina mama waliruhusiwa kuokota kuni kavu humo, hata mwaka 2011 ruhusa ikakoma. Jambo hilo liliwauma wengi. Lakini maji yashukayo vijijini hutunzwa na miti ile ile. Basi, apandaye miti ya kuni karibu na nyumba yake ajipatia kuni, na maji pia.