Msomi na Tairi la 205

Kwetu Fukayosi, ukishaingia chuo kikuu unakuwa mtaalamu wa kila kitu. Unasomea ualimu, lakini utaulizwa dawa ya kuku, fomu ya mkopo na simu iliyogoma kuwaka. Nakiri nilikuwa nalipenda cheo hilo, mpaka lilipokuja suala la matairi ya kaka.

Kaka alinunua Toyota IST ya mkononi. Kazi yake ni kubeba watu na mananasi kutoka mashambani hadi barabara ya Bagamoyo–Msata, kwa hiyo akaiinua: fundi akaweka spesa kwenye springi, bodi ikapanda. Gari likakaa kibabe, ila matairi sasa yakaonekana kama ya baiskeli. Likizo ile akaniuliza, "Dogo, wewe ndiye msomi. Niweke tairi gani?"

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikatazama picha tatu nne kwenye simu, nikajibu kwa sauti ya mhadhiri: "Weka pana, kaka. 205. Linashika barabara, na gari umeshaliinua, nafasi ipo." Akanunua manne ya mtumba, shilingi 240,000. Nusu alikopa kwa mama, kwenye hela ya mananasi.

Wiki ya kwanza raha tupu. Ya pili, kila akikata kona akiwa na mzigo, mbele kushoto panakwaruza. Nikamwambia litazoea. Jamani, tairi linazoea nini?

Jioni moja ya mvua tulikuwa tunatoka Bagamoyo, mama amekaa mbele. Tumeshapita Makofia, nikasikia mlio kama debe limepigwa teke. Usukani ukavuta kushoto. Bahati kaka alikuwa anakwenda taratibu. Gari likaishia kwenye majani. Mama hakupiga kelele. Alishika mfuko wake wa dawa kwa mikono miwili akauliza, "Tumefika?" Mpaka leo nikilisikia swali hilo tumbo linanicheza.

Tulipolitoa tairi, ubavu wa ndani ulikuwa umelika mduara mzima, nyuzi nje. Kaka akalaumu mtumba. Mimi nikanyamaza.

Miezi michache baadaye nikaenda mazoezi ya kufundisha, nikapewa Kidato cha Kwanza, mada ya asilimia. Nilitaka mfano wa mtaani, nikaandika ubaoni namba za kwenye kibandiko cha mlango wa dereva wa ile IST: 185/65 R15. Nikawaeleza: 185 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wakakokotoa: ubavu milimita 120.25, mara mbili, jumlisha rimu milimita 381. Kimo cha tairi zima, 621.5.

Nikawapa na lile la kaka, 205/65 R15. Jibu: 647.5. Nikabaki nimeshika chaki. Nilidhani nimeongeza upana tu. Kumbe 65 ile ni asilimia ya upana, hivyo upana ukikua, tairi linarefuka pia. Lilikuwa limepanda milimita 13 juu na kusogea kama 10 kwa ndani, kulikokaa shokapu. Na ile spesa niliyoitegemea huinua bodi tu. Haisogezi shokapu mbali na tairi hata kidogo.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa tairi likikua, mita ya spidi inajuaje?" Safari hii nikasema, "Sijui. Nitakujibu kesho." Darasa halikucheka. Kesho yake nikaja na jibu: haijui. Inahesabu mizunguko ya gurudumu kana kwamba tairi ni lilelile la zamani. Kwa tofauti ile ya asilimia 4, ikisoma 80 wewe uko kwenye 83. Na tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako.

Jumapili nikampigia kaka, nikamwambia kosa lilikuwa langu, si la mtumba. Akakaa kimya muda. "Kwa hiyo mama angekufa kwa picha za kwenye simu?" Sikuwa na la kujibu. Alirudisha 185, akauza yale matatu kwa hasara. Nami nikaanza kumlipa mama kidogokidogo nikipata boom. Bado sijamaliza.

Wenzangu wa elimu, mwakani tutasimama mbele ya watoto wanaoamini kila tunachosema, kama kaka alivyoniamini. Ualimu hautuzuii kutojua. Ila kujibu kabla ya kupima kuna bei, na mara nyingi anayeilipa si sisi.

Tairi lililopasuka mama amelijaza udongo, amepanda mchicha. Juzi kaka akapiga simu: "Dogo, betri ya hii gari niweke ya N ngapi?"

"Fungua boneti, kaka," nikamwambia. "Nisomee kwanza kilichoandikwa."