Mfuko wa Bobi kwenye mlima wa Ciriri



Juma hili tunawapeleka matembezi. Sisi wa Bukavu hatuhitaji kwenda mbali ili kupanda mlima. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 1460 hivi juu ya bahari, na ukiacha maji, karibu kila njia inapanda. Jumapili, baada ya ibada, sisi na watoto tunatoka soko la Kadutu na kupanda mpaka Ciriri. Kule juu tunaona Ziwa Kivu, rasi za mji zimeingia majini kama vidole vya mkono, na ng'ambo milima ya Rwanda.

Bobi, mbwa wetu, anatufuata. Wengine wameuliza kama tunaweza kufika naye Tshivanga, kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega. Hapana. Mbwa haingii kule, kwa sababu anaweza kupelekea ngagi na wanyama wengine magonjwa. Ciriri inatutosha.

Shida ilikuwa maji. Mbwa anayepanda mlima anakunywa sana, na chupa zake tulizibeba sisi. Siku moja mtoto akauliza: kwa nini Bobi asibebe maji yake mwenyewe?

Mfuko wa mbwa hatukuupata sokoni. Tulichukua mifuko miwili ya shule iliyochakaa, tukampelekea fundi cherehani, akaiunganisha kwa kitambaa kipana ili mmoja ulale kuume na mwingine kushoto. Tulimwomba mambo matatu. Mzigo ukae juu ya mabega, usirudi nyuma kwenye kiuno, maana hapo mgongo wa mbwa ni dhaifu. Mkanda wa mbele upite kifuani, usipite kooni, asije akakosa pumzi. Mkanda wa tumbo ukifungwa, vidole viwili vipite chini yake. Ndani tulitia kipande cha godoro kuukuu, kwa kuwa mbwa wetu wana manyoya mafupi na ngozi inachubuka upesi.

Halafu tulipima. Kwenye mizani tulisimama tukiwa tumembeba Bobi, kisha tukasimama bila yeye, tukatoa hesabu: kilo 20. Mbwa anayeanza asizidishe sehemu moja ya kumi ya uzito wake, ndiyo kilo 2. Hiyo ni chupa ya lita moja kila upande, na ukimnywesha unapunguza pande zote mbili sawasawa. Mbwa mdogo ambaye mifupa yake haijakomaa habebi kitu. Tungoje apite mwaka mmoja, na yule wa umbo kubwa mwaka mmoja na nusu. Mzee na mgonjwa pia hawabebi.

Hatukumvika siku ya kwanza. Tuliuweka mfuko chini aunuse, tukampa kipande cha sambaza. Kesho yake tulimvika mtupu kwa dakika kumi uani, akajigonga mlangoni kwa sababu hakujua kwamba amekuwa mpana. Siku zilizofuata tulitembea naye mpaka barabarani, mfuko ukiwa na vitambaa tu. Maji tuliyatia juma la pili. Kila tukirudi tulipapasa makwapa na kifua chake kutafuta mchubuko. Akilala chini njiani au akihema sana, mzigo unatoka, nasi tunakaa kivulini.

Jumapili iliyopita, katikati ya mpando, tulikutana na mama mmoja akishuka na gunia mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso, anaelekea sokoni. Alisimama akacheka.

«Mama, ile imbwa inabeba nini?»

«Maji yake. Kilo mbili.»

«Na mulipima?»

«Tulipima.»

«Bahati yake. Miye hakuna mwenye alinipima.»

Akaendelea kushuka. Wamama kama yeye tunawaona kila siku, alama ya mkanda imebaki kwenye paji la uso hata wakiwa hawana mzigo. Wanalipwa kwa gunia, na mgongo hauingii katika hesabu. Hatukuwa na la kumjibu.

Jioni binti yetu wa miaka 11 aliinua bidoni kwenda kuteka maji. Sisi ni walimu, hesabu ilikuja yenyewe. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Mtoto ana kilo 30. Kwa Bobi tulikataa kupita sehemu moja ya kumi. Binti yetu tulimbebesha theluthi mbili, kila asubuhi kabla ya masomo, kisha tukamkaripia kwa kusinzia darasani.

Tangu Jumatatu bidoni kubwa tunabeba sisi wakubwa. Watoto, wavulana kwa wasichana, wana vibidoni vya lita 3. Foleni inakuwa ndefu, na siku mbili tumechelewa kazini. Bado tunatafuta namna ya kupanga saa.

Ikiwa nyumbani kwenu kuna mbwa, mshoneeni mfuko, matembezi yatakuwa mazuri. Lakini mkishaazima mizani, msiirudishe kabla ya kupima watoto na bidoni zao.

Juma jema.