Siku moja katika muji wa watoto

Likizo iliyopita nilisindikiza dada yangu Dubai, alikoenda kununua bidhaa. Tulipeleka mabinti wetu KidZania, muji mudogo wa watoto ndani ya Dubai Mall. Muji wa kwanza wa namna hiyo ulifunguliwa Meksiko mwaka 1999.

Mule muna hospitali, benki, kituo cha wazimamoto. Mutoto anavaa nguo za kazi, anafanya kazi, analipwa feza za mule zinazoitwa kidzo. Muzazi anabaki inje, anaangalia kupitia kioo.

Nilimuambia binti yangu aende hospitali, awe muuguzi. Alikataa, akaenda kwa wazimamoto. Niligonga kioo ili nimuite. Hakugeuka. Alikuwa ameshika bomba la maji, anacheka sana.

Nilisikia haya. Shuleni ninawaambia wazazi kila mara: musiwachagulie watoto kazi!

Kwetu hakuna muji kama huo, lakini kuna kazi. Mama fundi wa kushona, mama wa duka la dawa, mupokee mutoto wa mwenzenu asubuhi moja ya Siku ya Posho. Na wewe mama yake, ubaki inje.