Mwizi wa Mkate

Mara ya kwanza nilipoiba mkate mbele za watu ilikuwa mwaka 1994, katika ukumbi mmoja wa Birmingham ulionuka rangi mbichi. Kikundi chetu cha ridhaa kiliamua kuigiza The Diary of Anne Frank, tamthilia ya Frances Goodrich na Albert Hackett iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York mwaka 1955. Mimi nikapewa nafasi ya Bwana van Daan. Nilimpigia simu shangazi kule Wete, Pemba.

"Na wewe ndiye nani humo?"

"Mwizi wa mkate, shangazi."

"Ewe mwanangu! Umevuka bahari yote hiyo ukawe mwizi?"

Kisa chenyewe wengi wanakijua. Wayahudi 8 wamejificha nyuma ya kabati la vitabu, Prinsengracht 263, Amsterdam. Wa kwanza waliingia Julai 1942, wakakamatwa wote tarehe 4 Agosti 1944. Mchana, wafanyakazi wa ghala wakiwa chini, huvai viatu wala huvuti maji chooni. Mwongozaji alitufanyisha mazoezi kwa soksi, na hapo ndipo nilipojua kwamba mbao za jukwaa hulia hata ukihema.

Usiku van Daan ananyata, anafungua kabati, anachukua mkate, mama yake Anne, mke wa Frank, anamfuma. Nilimcheza kama fisi: macho pembeni, mkate kwapani. Ulikuwa sifongo iliyopakwa rangi ya kahawia. Watu waliguna, mimi nikavimba kichwa.

Shajara yenyewe ambayo Anne aliiandika mafichoni (naona haya kusema) niliisoma miaka mingi baadaye. Wizi ule sikuuona humo; waandishi wa tamthilia ndio waliouweka. Hata jina la van Daan Anne alilibuni. Jina la haki ni Hermann van Pels, na kazi yake ndiyo iliyoniduwaza: mtu wa viungo. Otto Frank, baba yake Anne, alimwajiri kwa kuwa alijua viungo vya kutia kwenye soseji, na mafichoni, Desemba 1942, alifunga aproni akatengeneza soseji. Mimi mtoto wa Pemba, niliyechezea juu ya majamvi ya karafuu! Mtu wa viungo kafungiwa juu ya ghala la viungo, harufu inampandia kutoka chini, na sahanini mna maharage na viazi vilivyooza.

Mwaka 2011 tuliirudia, safari hii kwa maandishi yaliyofanyiwa marekebisho na Wendy Kesselman mwaka 1997. Humo Uyahudi wao haufichwi sana, na mwisho Otto anaeleza kila mmoja alivyoishia. Yeye peke yake ndiye aliyerudi. Van Pels aliuawa Auschwitz.

"Bado mwizi?" shangazi akauliza.

"Bado. Lakini kumbe alikuwa mtu wa viungo."

Akanyamaza kidogo. "Maskini. Pua yake ilimtesa huyo."

Mkate ulibaki katika maandishi mapya pia. Niliomba wa kweli, ulionunuliwa jioni ileile. Usiku wa kwanza nilifungua kabati, nikauinua kwa mikono miwili, nikaunusa. Nikaunusa tena. Mke wa Frank alikwishafika mlangoni na taa, akawa ananingoja.

Ukumbini hakuguna mtu.