Mganga Hajigangi?

Ndugu msomaji, mimi ni muuguzi mjini Mbeya. Kwa miaka mingi nimewaambia kina mama wajawazito kwamba sindano moja ya pepopunda haitoshi: sharti warudi baada ya majuma manne, kisha baada ya miezi sita, hadi zitimie tano. Asiyerudi nilimkaripia. Nilijua kwamba mwili, kama mtoto wa shule, husahau usipokumbushwa.

Tarehe 28 Julai, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani dhidi ya UVIKO-19. Sisi watumishi wa afya tulikuwa miongoni mwa makundi ya kwanza kufuata. Nilichanjwa chanjo ya Janssen. Usiku homa ikanishika, asubuhi nikaenda zamu. Tuliambiwa dozi moja yatosha. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani liliposhauri dozi ya pili, mwishoni mwa mwaka ule, wengi wetu tulinuna. "Mimi nilishamaliza," alisema mwenzangu. Mwingine aliogopa homa. Mwingine alikuwa amesikia maneno ya mitaani, akaona haya kuuliza. Mimi nilisingizia wingi wa kazi.

Mwaka 2022 nilikwenda Iringa kumsalimu mama, ambaye ni mgonjwa wa kisukari. Baada ya "Kamwene" na chai, akaniuliza:

"Mwanangu, nasikia kuna sindano ya nyongeza. Wewe umechomwa?"

Nikaanza kumweleza jinsi kinga inavyopungua kadiri miezi inavyopita. Akanikatiza: "Sikukuuliza hayo."

Nikanyamaza.

"Basi nami nitangoja," akasema.

Ndani ya basi la kurudi, tangu Mafinga hadi Makambako na kuendelea, neno lile halikuniacha. Kama ugonjwa ungemkuta mama katika kungoja kule, ningemlaumu nani? Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hawakumkataza kugangwa na mwenzake. Kesho yake nikamwomba mwenzangu anichome. Homa ilirudi, ikakaa siku moja. Nikampigia mama simu nikamweleza yote, na homa sikuificha. Juma lililofuata alikwenda zahanati kwa miguu yake.

Ndugu msomaji, ukimwuliza mtumishi wa afya kama naye amechanjwa, hujamvunjia heshima. Nasi tuvaao sare tusikasirike kuulizwa. Tujibu kwanza kwa mkono, kisha kwa mdomo.