Giza la Shairi na Giza la Hadithi Fupi: Fikra kutoka Uluguru

Katika semina moja mwanafunzi aliniuliza iwapo Kiswahili kinayo fasihi ya kigothiki, yaani ile ya magofu, usiku na mizuka. Nilimjibu upesi kwamba hatunayo, kwani hatukuwa na makasri ya Ulaya. Jibu hilo lilinisuta nilipopanda Uluguru kuiona nyumba ya bibi mzaa mama.

Nyumba ilikuwa imebomoka upande mmoja. Ukungu uliingia kupitia paa, na popo walining'inia katika chumba alichokuwa akilala. Hapo nilikumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo madaka ya majumba ya Pate, yaliyopambwa kwa sahani, yamegeuka viota vya ndege. Wala Morogoro haikukosa gofu lake. Mji wa Kisabengo uliozungushiwa ukuta, Stanley aliupita mwaka 1871 ukiwa imara. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yamekwisha kuuharibu.

Ni maoni yangu kwamba tanzu hizi mbili hazitumii giza kwa namna moja. Katika Al-Inkishafi anguko limekwisha kutokea kabla hatujafika. Mshairi hasimulii, anauliza moyo wake, na kila ubeti hufungwa na kina kile kile cha mshororo wa nne, tangu mwanzo hadi mwisho. Kutisha kwake kumo katika utupu: wenye nyumba hawaitiki. Hadithi fupi, kwa upande mwingine, haiwezi kuishi kwa utupu. Katika "Mayai Waziri wa Maradhi" ya Euphrase Kezilahabi, waziri anaandamwa na mizuka usiku. Chumba kinajaa badala ya kuwa kitupu, nasi tunangoja litakalotokea. (Kezilahabi alikuwa pia mshairi, na sidhani kwamba ni kwa bahati tu kwamba jambo hili alilipa umbo la hadithi.) Hata Edgar Allan Poe, katika "The Fall of the House of Usher" ya mwaka 1839, aliingiza shairi lake lililokwisha kuchapishwa peke yake mapema mwaka huo. Shairi lile linatuonyesha kasri lililokwisha kuangamia, ilhali nyumba ya hadithi ingali imesimama.

Tofauti hii niliielewa kwa kuandika, si kwa kusoma. Niliporudi mjini nilitunga shairi juu ya nyumba ya bibi: ukungu, popo, kinu kilichopasuka. Lilikubalika kwa wenzangu, na vina vilitimia. Kisha nikajaribu kuliandika jambo hilo hilo kama hadithi fupi, nikakwama ukurasa wa pili. Mwanamke mzee amelala, mvua inanyesha, njia ya mlimani inateleza. Hadithi ilidai mtu abishe hodi.

Bibi aliugua kwa majuma matatu. Barua ya mjomba ilinifikia mapema, nami nilikuwa nikisahihisha mitihani, nikajiambia kwamba nitapanda mvua ikikatika. Katika shairi sikulazimika kulitaja hilo, kwa kuwa magofu hayaulizi nani alichelewa. Hadithi ingali katika ukurasa wake wa pili, na mlango haujafunguliwa.